Redio ya Mwalimu Iliyokataa Kutulia

Juzi nilikwenda Gisozi kuagiza kabati. Unajua Gisozi ilivyo siku hizi: randa huku, misumeno kule, wachomeleaji wanakurushia cheche miguuni, na kila seremala anakuapia kwamba mbao zake zimekauka tangu mwaka juzi. Nilikuwa nabishana juu ya upana wa droo na mzee mmoja mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Juu ya rafu alikuwa na redio kaseti kuukuu inayomwimbia. Ghafla umeme ukapungua nguvu, na mwimbaji, mwanamke mwenye sauti nyembamba, akaanza kunenepa. Sauti ikashuka, ikawa ya mwanamume, kisha ikawa ya ng'ombe. Vijana wakaangua kicheko. Mzee akaizaba redio kofi na mwimbaji akarudi kuwa mwanamke. Mimi nikabaki nimesimama na futi kamba mkononi, macho yamenilowa, na yule mzee akaniomba radhi kwa ajili ya vumbi.

Halikuwa vumbi, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Biryogo, mtaa wetu wa zamani hapa Kigali, kiangazi cha mwaka tisini, nina umri wa miaka kumi. Nimekaa sakafuni sebuleni kwa bibi, nasubiri sauti ya mjomba ikae mahali pake.

Ngoja nikupangie mambo vizuri. Bibi alikuwa mama yake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo yaliyopakwa chokaa, na uani kulikuwa na jiko, mti wa avoka, na chumba kimoja cha kupangisha. Asubuhi uliamshwa na adhana, ukilala tena uliamshwa na kengele ya kanisa, ukilala mara ya tatu uliamshwa na bibi mwenyewe, na huyo ndiye aliyekuwa hana mchezo. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji kwa kidumu, kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka mikono iwe ya kijani, na kutumwa. Bibi alikuwa anaweza kunituma kwa jirani ilhali jirani mwenyewe amekaa mbele yetu.

Chumba cha uani alipanga Mwalimu. Alifundisha fizikia shule ya sekondari, Mkatoliki mrefu mwembamba, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Bibi alimpenda kwa sababu mbili: hakunywa pombe, na akimsalimia alivua kofia. Mwalimu alikuwa na mchezo mmoja tu duniani, nao ni redio. Simaanishi redio ya kusikilizia habari. Padri mmoja mzee, aliporudi kwao Ulaya, alimwachia mtambo wa zamani unaopokea na kutuma: unasikia, halafu ukibonyeza kitufe cha maikrofoni, unasikiwa. Watu wa mchezo huo wapo dunia nzima. Hawalipwi wala hawatangazi chochote, wanatafutana hewani, wanaambiana wako wapi na mvua imenyesha kiasi gani, kisha wanaagana. Mwalimu alikuwa na cheti cha ruhusa na alikuwa amekitundika ukutani kama picha ya harusi.

Chumbani kwake meza ilikuwa imejaa madaftari ya wanafunzi, kwa hiyo mtambo uliwekwa sebuleni kwa bibi. Waya wa antena ulitoka dirishani ukaenda kufungwa kwenye mti wa avoka. Ulikuwa mtambo mzito kama jiwe la kusagia, rangi ya majivu, na ndani yake mlikuwa na taa ndogo za kioo ambazo zilichukua muda kuwaka. Zikiwaka, nyumba nzima ilinuka vumbi lililopashwa moto. Mpaka leo harufu hiyo naipenda kuliko manukato.

Sasa, kitu kikiingia sebuleni kwa bibi kilikuwa chini ya sheria zake, na sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kila kitu cha heshima lazima kivae. Viti vilivaa vitambaa, meza ilivaa, chupa ya chai ilivaa, hata saa ya mezani ilikuwa na kikoti chake. Ukikuta sebule ina vitu vitupu, alisema bibi, jua nyumba hiyo haina mwanamke. Na kwa bahati, kiangazi kile ndipo nilipojifunza kufuma kwa sindano ya ndoano. Kazi yangu ya kwanza kuifikisha mwisho ilikuwa vazi la mtambo wa Mwalimu. Nililifuma kwa sufu nyekundu na njano, nene, lenye pindo za kuning'inia mpaka mezani, na kwa mbele nikaweka ua. Lilikuwa zito kama sweta la mtu anayekwenda kupanda volkano. Bibi alimwonyesha kila mgeni. "Ni mjukuu yangu alifuma," alikuwa anasema, "mwenyewe, hakuna mtu alimusaidia." Kuuvalisha mtambo na kuuvua ikawa kazi yangu rasmi, na niliifanya kwa madaha ya mtu anayemvalisha bibi harusi.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba wangu, fundi wa magari. Nilipokuwa na miaka mitatu alivuka mpaka akaenda Zaire, ndani kabisa, Maniema, akatengeneza malori ya misheni moja huko. Hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na yeyote aliyekuwa karibu na kalamu, kila mara mwandiko mpya, na zilifika baada ya miezi, zikiwa zimekunjwa kwenye mfuko wa dereva. Kisha, mwanzoni mwa mwaka ule, mfanyabiashara mmoja alipita akatuambia kwamba lori la misheni lilipinduka mtoni na fundi mmoja alikufa. Fundi yupi? Hakujua. Baada ya hapo barua mbili zilikuja zikisema mjomba ni mzima, lakini bibi alizishika mbali na macho kama anayeshika samaki wa juzi. "Barua inaandikwa na mtu mwingine," alisema. "Hata ya marehemu inaweza kuandikwa." Alidhani watu wa misheni wanamhurumia, wanamficha. Aliendelea kupika, kucheka na kunituma, lakini usiku nilimsikia akimtaja mwanawe katika dua zake kwa namna mbili, ya aliye hai na ya aliyetangulia, ili asikosee.

Basi fikiria siku ile Mwalimu alipotoka sebuleni mbio, kofia mkononi, akamkuta bibi jikoni. Alikuwa amekutana hewani na padri mmoja wa Maniema mwenye mtambo kama wake. Katika mazungumzo padri akataja kwamba ana fundi wa magari kutoka Kigali. Mwalimu akauliza jina. Bibi aliangusha mwiko ndani ya maharage na hakuutafuta.

Ikapangwa Jumapili saa kumi alasiri, padri amlete fundi wake mbele ya maikrofoni. Mwalimu alisema mitambo ile si ya mambo ya familia, lakini mama kumsalimu mwanawe si dhambi. Kulikuwa na tatizo moja: padri alikuwa anahamishwa, na mwisho wa mwezi wa nane angeondoka na mtambo wake. Tulikuwa na Jumapili nne.

Hapa nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kisa. Mtambo wa aina ile hauchukui sauti nzima. Unaikata, unatuma kipande, na wewe unayepokea ndiye unayeiunga tena kwa kuzungusha gurudumu kwa ncha za vidole. Ukizidisha unywele mmoja, mtu anakuwa bata. Ukipunguza unywele mmoja, anakuwa ng'ombe. Na mtambo wa Mwalimu, kwa uzee wake, ulikuwa hautulii. Ungeuweka vizuri, ukaondoa mkono, ukanywa chai funda mbili, na masafa yalikuwa yameshahama kwenda kwao.

Jumapili ya kwanza sebule ilijaa majirani. Mlango ulikuwa wazi, chai ya tangawizi na mandazi vikizunguka, upepo wa kiangazi ukiingia na kutoka. Niliuvua mtambo vazi lake mbele ya wote. Padri akasikika, kisha sauti nyingine ikaja. "Mama, salaam alaykum. Ni mimi." Bibi aliinuka nusu. Kabla hajajibu, sauti ikaanza kupanda. Ikawa ya kijana, ikawa ya mtoto, na Mwalimu akazungusha gurudumu kuifuata. Kumbe tukihama sisi tunapopokea, tunahama pia tunapotuma, kwa hiyo padri naye kule alikuwa anatufuata. Tukawa tunakimbizana kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akienda upande ule ule. "Unatembea, Mwalimu!" padri alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Iko natembea! Simama!" Mwisho mjomba akawa bata kabisa, na majirani, Mungu awasamehe, wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Bibi hakucheka. "Huyu si mtoto yangu," alisema. "Mtoto yangu iko na sauti ya chini, kama ya baba yake."

Kesho yake akaitwa fundi wa redio wa mtaa, ambaye sote tulimwita Fundi tu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alitengeneza redio na pasi, na kwa kuwa babu yake alikuja kutoka pwani na misafara ya biashara, aliamini kwamba yeye ndiye msemaji wa mwisho wa Kiswahili na wa umeme. Mtambo kama ule alikuwa hajawahi kuuona. Akauzunguka mara mbili, akasema, "Redio ni redio," akaubeba begani.

Yeye na Mwalimu waliungana katika kazi ile kama chumvi na kidonda. Mwalimu alikuja na kitabu cha Kifaransa chenye sura nzima juu ya joto: vyuma vinapanuka vikipata moto, vikipoa vinarudi, na masafa yanafuata. Fundi alimjibu kwamba kitabu hakijawahi kuungua vidole. Lakini njia yake ilikuwa ya ajabu, na nilishiriki, kwa sababu mimi nilikuwa na sikio. Kwenye chuo cha Kurani nilikuwa naongoza kasida, na ustadhi alisema mtoto huyu akipotea njia hatapotea sauti. Fundi aliweka redio ndogo kando ya mtambo, na humo ukasikika mluzi mmoja mwembamba. Mluzi ule ndio uliokuwa masafa yenyewe. Mimi niliushika kichwani. Yeye akachukua mrija wa soda, akawa anapuliza pumzi ya joto juu ya kila kidude cha ndani, kimoja kimoja, kama anayempuliza mtoto jeraha. Mluzi ukiruka, naonyesha kidole juu. Siku ya pili nilionyesha kidole mpaka nikaruka nacho. Alikuwa amepuliza kapasita moja ya kahawia. "Mgonjwa huyu hapa," alisema, akaing'oa, akatia nyingine kutoka kwenye redio iliyokufa zamani. Moshi wa lehemu ukapanda, naye akajipongeza kwa dakika kumi.

Jumapili ya pili mambo yalikuwa afadhali, lakini afadhali tu. Sauti ilikaa dakika moja na nusu, kisha ikaanza safari. Bibi aliomba maikrofoni, akauliza kwa ukali: "Kama ni wewe, sema mbwa ya nani ilikuluma ukiwa mtoto." Bata akajibu bila kusita kwamba ni mbwa wa Mhindi wa duka la vitambaa, na kovu liko mguu wa kushoto. Majirani wakapiga makofi. Bibi akatikisa kichwa. "Maneno unaweza kufundisha mtu," alisema. "Sauti huwezi."

Wiki ile Fundi alisafisha kila alichoweza kusafisha, akakaza kila skurubu. Akatoa na amri mpya: mtambo uwashwe saa nzima kabla ya mazungumzo. "Mzee usimwamushe na kumuambia kimbia hapo hapo," alisema. Kwake ulikaa saa mbili ukiimba mluzi ule ule, na mimi shahidi. Basi Jumapili ya tatu tuliuwasha saa tisa, nikauvalisha vazi langu ungoje wageni ukiwa nadhifu, saa kumi nikauvua kwa madaha yangu yote, na baada ya dakika mbili mjomba akawa bata.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwalimu alilaumu umeme wa mtaa. Fundi alilaumu mti wa avoka, kwamba unatikisika. Bibi aliona ni husuda ya jirani ambaye sitamtaja hata leo, kwa kuwa wajukuu zake ni wateja wangu. Kisha aliingia chumbani, akafunga mlango. Kesho yake nilimkuta ameifua kanzu ya zamani ya mjomba, akaikunja, akaiweka kando ya ile sanda yake mwenyewe aliyojinunulia siku nyingi. Nilijua kwamba anaanza kumzika.

Jumatatu alasiri nilikuwa peke yangu sebuleni. Mwalimu aliniruhusu niuwashe mtambo nisikilize, mradi nisibonyeze kitufe. Nikapata mluzi wa stesheni fulani ya mbali, mwembamba, umesimama imara, nikawa naimba nao. Kisha, kwa mazoea tu, nikauvalisha. Tukaendelea kuimba pamoja, mimi na mluzi, na baada ya muda nikajikuta siko nao tena. Ulikuwa umeshuka. Nikadhani ni mimi. Nikavua vazi, na mlango ulikuwa wazi, upepo unapita. Mluzi ukaanza kupanda polepole. Nikavalisha, ukashuka. Nikavua, ukapanda. Nilifanya hivyo mara nne, na mara ya nne nilikuwa nalia.

Unaona ilivyokuwa? Saa nzima ya kungoja, mtambo ulikuwa unachemka ndani ya sweta langu la volkano. Saa kumi kamili nauvua, nauweka mtupu kwenye upepo wa mlangoni, unaanza kupoa, na masafa yanahama kwa muda wote ule mama na mwana walipokuwa wanataka kuzungumza. Kwa Fundi ulikaa uchi tangu mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana ulitulia. Mtambo mzima wa Ulaya ulikuwa umeshindwa na kitambaa changu.

Ningependa kukuambia kwamba nilikimbia kumwambia bibi. Sikukimbia. Nilikaa na siri ile siku tano, na siku hizo tano naziona haya mpaka leo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Bibi alikuwa ameitangaza mtaa mzima, na hata mke wa imamu alikuwa ameomba nimfumie la televisheni. Nilijiambia labda Fundi atapata dawa nyingine. Nilijiambia labda nimekosea kusikia, mimi ambaye sikuwa nakosea kusikia.

Jumamosi nilimkuta Fundi amefungua mtambo mpaka mifupa, pasi ya kulehemu imeiva. Alikuwa ameamua kung'oa bobini yenyewe, ule waya uliosokotwa ambao ndio moyo wa kila kitu, na kusokota mwingine kwa mkono. Mwalimu alisimama karibu, rangi imemtoka. "Ukikosea hapo hakuna tena," alisema. "Dusma, tafadhali, taratibu." Fundi akainamisha pasi.

"Ni kitambaa," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili. Nikawaeleza, huku kamasi zinanitoka. Fundi alinitazama, akaitazama pasi yake, akaiweka chini. Nilidhani atanizaba kofi. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu, kisha akacheka kwa sauti mpaka akakaa sakafuni. "Wiki tatu!" alisema. "Wiki tatu mimi natibu homa, kumbe mgonjwa mumemufunika blanketi!" Mwalimu hakucheka mara moja. Alifungua kitabu chake, akatafuta ile sura ya joto, akaisoma upya mstari kwa mstari, akaona kwamba hakuna mahali mwandishi ameandika chochote kuhusu vitambaa vya kufuma. "Mzungu haviki redio nguo," alisema hatimaye, na hapo wakacheka pamoja, mara ya kwanza tangu wajuane.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kumshawishi bibi. "Redio uchi?" alisema. "Sebuleni kwangu? Siku ya wageni?" Mwalimu alimweleza fizikia. Bibi alimsikiliza kwa adabu na hakubadilika. Fundi alimweleza kwa mfano wa sufuria ya wali inayoepuliwa na kufunuliwa. Bibi akasema wali anaujua kabla Fundi hajazaliwa. Mwisho nikasema mimi. Nilimwambia, "Bibi, ni kitambaa changu ndicho kinaharibu sauti ya mjomba. Nilijua tangu Jumatatu." Nilikuwa tayari kwa lolote. Akanivuta, akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Basi na mlango ufungwe," alisema. "Kama iko uchi, watu wasiione."

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya nne. Mtambo uliwashwa saa saba mchana, mtupu, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, ukabaki upenyo wa waya tu. Majirani walikaa uani chini ya waya na mandazi yao. Ndani tulikuwa wanne, bibi, Mwalimu, Fundi na mimi, tunatoka jasho kama tuko hamamu, na hakuna aliyeruhusiwa kujipepea. Nilishika mluzi kichwani tangu saa nane. Saa kumi ilipofika ulikuwa pale pale.

Padri akaita. Akasema huu ni wito wake wa mwisho kutoka Maniema, kesho anafunga mizigo. Kisha akampisha mwingine. "Mama," sauti ikasema, nyembamba bado.

Mwalimu akaweka vidole juu ya gurudumu, lakini safari hii hakumtafuta mjomba yeye mwenyewe. Yeye hakuwahi kumsikia, Fundi alikuwa ameisahau sauti yake, mimi nilikuwa na miaka mitatu tu alipoondoka. Alimgeukia bibi. "Wewe ndiye unajua," alisema. "Uniambie."

Bibi akafumba macho. "Shusha," alisema. Sauti ilikuwa inasimulia habari za lori. "Shusha. Bado. Bado kidogo." Mwalimu alikuwa anasogeza kidole pasipo kuonekana kwamba anasogea. "Umepita. Rudisha. Buretse, ngoja..." Akainua mkono. "Hapo."

Mwalimu akaondoa mkono wake juu ya gurudumu, na sauti ikakaa. Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo mwishoni mwa maneno. Ilisema kwamba aliyekufa kwenye lori alikuwa msaidizi wake, kijana wa kule kule, na yeye alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo kwa malaria. Ikakohoa kikohozi kimoja kifupi. Na bibi, aliyeuliza maswali makali kama hakimu Jumapili zote zilizopita, alichukua maikrofoni kwa mikono miwili na kuuliza, "Umekula?"

Walizungumza kwa zaidi ya robo saa. Sikumbuki mengi. Waliongea juu ya mbwa wa Mhindi, juu ya mguu, juu ya mwanamke ambaye mjomba alitaka kumwoa huko, na bibi akataka kujua kama mwanamke huyo anajua kupika. Mluzi haukusogea hata unywele. Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Padri alipoaga, bibi alifungua mlango mwenyewe, upepo ukaingia, na kabla hajasema neno wanawake wa uani walimwona uso wakapiga vigelegele, impundu juu ya impundu, mpaka mtaa wa pili ukauliza nani kaolewa.

Padri akaondoka. Mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini, na Mwalimu alipanda mti wa avoka akaushusha waya kwa mikono yake kabla hajaulizwa na yeyote ni waya wa nini. Yaliyofuata unayajua, na sina haja ya kukusimulia wewe. Baada ya mwaka tisini na nne sikumwona tena Mwalimu, wala Fundi. Pale palipokuwa na nyumba ya bibi leo pana ghorofa na duka la simu. Bibi alikuwa ameshatangulia, mwaka tisini na tatu, kitandani kwake, kwa maradhi ya kawaida ya uzee, na nilipokuwa mdogo sikujua kwamba hiyo nayo ni neema.

Mjomba alirudi. Sasa ni mzee, anakaa Kicukiro, na ananipigia simu kila Ijumaa kwa sauti safi isiyohama hata kidogo. Ijumaa iliyopita nilimweleza habari za Gisozi, na tukaanza kumwiga bibi, kila mmoja kwa namna yake, alivyokuwa anasema "Umekula?" Yeye alimwiga kwa sauti nyembamba. Mimi nilimwiga kwa sauti nzito. Alisema nimeshusha mno. Nilimwambia amepandisha mno. Tukajaribu tena na tena, kwa kicheko kwanza, baadaye bila kicheko. Mimi niliyekuwa na sikio mtaa mzima sikuweza kuipata sauti yake, na hakukuwa na mtu wa kufumba macho akatuambia, "Hapo."